Jini, Dalali na Kodi ya Miezi Sita: Niliyoyaona Nikipeleka Filamu ya Mchanganyiko kwa Watazamaji

Naandika kwa ajili ya yeyote mwenye muswada wa filamu ambao, akiulizwa ni wa aina gani, hujikuta akijibu kwa sentensi tatu. Muswada wetu ulikuwa wa namna hiyo. Ulihusu nyumba ya kupanga huko Tabata, dalali mwenye maneno matamu, wapangaji waliokwisha kulipa kodi ya miezi sita kabla hawajahamia, warithi waliokuwa wakigombania nyumba hiyo mahakamani, na jini ambaye naye alidai kodi yake kila mwezi ulipoandama. Tulitaka watu watishike, wacheke, na kuelekea mwisho wamlilie mjane aliyefukuzwa na shemeji zake. Filamu ilitugharimu takriban shilingi milioni 11 kabla ya marekebisho, na safari yake kutoka Kariakoo hadi kwenye televisheni ndiyo iliyonionyesha kwamba mtazamaji huamua mapema mno atazame kwa moyo gani, mara nyingi kabla picha ya kwanza haijaonekana.

Hakuna aliyetuonya dhidi ya kuchanganya aina za filamu, na sababu ni rahisi: mtazamaji wa pwani yetu amelelewa na mchanganyiko. Wazazi wetu waliojaa kwenye majumba ya sinema ya Dar es Salaam na Unguja kutazama filamu za Kihindi hawakuona ajabu kwamba filamu moja ina nyimbo, ngumi, vichekesho, mapenzi na mama mzazi anayelia. Mfano ninaopenda kuutoa ni Sholay ya mwaka 1975. Ndani yake mna ukauboi ulioazimwa kutoka Marekani na Italia, wezi wawili marafiki wa kufa na kuzikana, mkuu wa gereza wa kuchekesha, mjane aliyejifungia katika ukimya wake, na jambazi anayetetemesha kijiji kizima, na yote hayo huchukua zaidi ya saa tatu. Wapo wazee wanaoweza kukusimulia filamu hiyo tukio kwa tukio, na sijakutana na hata mmoja aliyejali iwekwe kundi gani. Filamu zetu wenyewe za kutisha, zilizoanza kutoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, Nsyuka ya Mussa Banzi ikiwa miongoni mwa za awali, zilikuta watazamaji waliokwisha kuzoea filamu za Kinijeria, ambamo uchawi huingia nyumbani kupitia ndoa, wivu au mali. Mzimu wa kwetu hautokei bure. Kuna mke mwenza, kuna urithi, kuna kiapo kilichovunjwa. Hofu na ugomvi wa familia vimekaa chumba kimoja siku zote bila kusukumana.

Tatizo, kama nilivyokuja kulielewa baadaye, ni kwamba michanganyiko hiyo ya zamani mtazamaji alikuwa anaijua mpangilio wake. Alijua kwamba baada ya machozi kuna wimbo, kwamba mchekeshaji hawezi kuuawa, kwamba steringi akipigwa sana mwanzoni atalipa mwishoni kwa riba. Filamu iliyochanganya vitu vitano ilikuwa kwake aina moja tu, filamu ya Kihindi, na alilipa kiingilio akijua anachokifuata. Mchanganyiko wetu haukuwa na jina wala mpangilio ambao mtu angeweza kuukisia, na kadiri tulivyojisifu kwa upya huo ndivyo tulivyomwachia mtazamaji kazi ambayo hakuiomba.

Kuna jambo jingine ambalo watengenezaji wengi hulidharau, nalo ni wale watafsiri wa filamu wanaozungumza juu ya picha. Lufufu kwetu Tanzania, DJ Afro kule Kenya, na wale wanaoitwa VJ nchini Uganda wamewazoesha watu wengi kutazama filamu ya mapigano kutoka Hong Kong au Marekani huku wakicheka. Mtafsiri huwapa wahusika majina ya mtaani, humkejeli adui, huongeza utani ambao mwandishi wa filamu hakuwahi kuufikiria, na filamu iliyotengenezwa kwa uzito wote hugeuka vichekesho bila picha hata moja kubadilishwa. Mtengenezaji filamu Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, aliliona hilo vizuri kuliko wengi wetu: katika Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 sauti ya VJ Emmie imewekwa ndani ya filamu yenyewe, ikishangilia, ikitania na kumwambia mtazamaji nini kinakuja, na risasi na kicheko vinakwenda sambamba bila mtu kuuliza kinachoendelea. Ningekuwa nimelitafakari hilo kabla ya kupiga picha, ningejua kwamba kinachounganisha aina mbili mara nyingi ni sauti moja inayomwambia mtazamaji kwamba anaruhusiwa kucheka hapa na kuogopa pale.

Hatua ya kwanza yenye gharama ilikuwa uchaguzi wa waigizaji. Nafasi ya dalali tulimpa mchekeshaji anayefahamika, na malipo yake peke yake yalimeza sehemu kubwa ya fedha za waigizaji wote. Kwa upande wa mauzo uamuzi huo ulikuwa sahihi. Kwa upande wa aina ya filamu, uso wa mchekeshaji ni tangazo kubwa kuliko posta yoyote. Wanaomkumbuka marehemu King Majuto wanajua kwamba watu walianza kucheka alipotokeza tu, hajafungua mdomo; hiyo ndiyo nguvu ya mwigizaji ambaye watazamaji wamefunga naye mkataba wa miaka mingi. Dalali wetu alikuwa na tukio moja zito, pale anapopiga magoti mbele ya mjane na kukiri kwamba alijua habari za nyumba ile tangu mwanzo. Aliliigiza vizuri mno, na wakati wa kupiga picha hata mshika taa alijifuta macho. Naomba msomaji akumbuke hilo tutakapofika Mbagala.

Msambazaji wa Kariakoo tuliyempelekea nakala hakutazama zaidi ya dakika kumi. Enzi za DVD zilikuwa zinaelekea ukingoni, maduka yalikuwa yanafungwa, na kila mtu alikuwa na haraka. Aliniambia: "Dada yangu, mteja akifika hapa dirishani anaangalia kava tu. Ukimwandikia mambo matatu hanunui hata moja. Niambie, ni ya mapenzi, ya kutisha au ya kuchekesha?" Nilianza kumweleza, naye akanikatiza kwa upole kabisa, akasema ataandika ya kutisha kwa sababu ndizo zilizokuwa zikitoka wiki hizo. Kava ilipochapishwa ilikuwa na macho mekundu, damu ikichuruzika kutoka kwenye herufi za jina, na dalali wetu amesukumwa pembeni kabisa, kichwa chake kikiwa kidogo kuliko cha jini. Katika filamu nzima hakuna tone la damu. Nilikasirika sana, lakini kuhusu yale macho ya mteja dirishani nakiri alikuwa anasema kweli tupu, na mtu asiyejua kujibu swali lake kwa neno moja ajue kwamba kuna mwingine atakayemjibia.

Kisha tukaipeleka kwenye kibanda umiza, banda la mtaani la kutazamia video na mpira, kule Mbagala, ambako mwenye kibanda alikubali kuionyesha jioni, kabla ya mechi. Naeleza tukio moja kwa kirefu kwa sababu lina karibu kila kitu ninachotaka kusema. Jini wetu hutokea mara ya kwanza kwenye mlango wa choo cha uani, usiku, akiwa amevaa kanzu nyeupe iliyolowa na ameshika kitabu cha risiti. Anatembea kwa kuchechemea kidogo, tuliona inachekesha, kisha anachana risiti na kumpa mpangaji. Tuliandika tukiamini kwamba watu watashtuka kwa kanzu na kucheka kwa risiti. Vijana wa mabenchi ya mbele, waliokuja kwa sababu ya ile damu ya kwenye kava, walicheka tangu kwenye kanzu, kicheko cha dharau, cha mtu aliyeona jini wa bei rahisi. Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango alisema "Audhubillahi" akajifunika khanga hadi puani, na risiti ilipotoka hakucheka hata kidogo, aliitazama kama hati ya kifo. Katikati yao kulikuwa na kundi kubwa lililokaa kimya, wakigeuzana nyuso kuona wenzao wanafanya nini. Ukimya huo ndio ulioniumiza. Mtu anapotazama uso wa jirani ili ajue aogope au acheke, filamu imekwisha kumpoteza.

Mambo hayakupata nafuu. Dalali alipopiga magoti mbele ya mjane, kibanda kizima kiliangua kicheko, na kadiri alivyolia ndivyo walivyocheka, kwa sababu kwao huyo ni yuleyule anayewachekesha miaka yote na magoti yake hayawezi kuwa ya kweli. Wakati mjane anafukuzwa, kijana mmoja alipaza sauti: "Mzee, peleka mbele, turudishie jini!" Mwingine akataka kiingilio chake, akidai kwamba nje pameandikwa kutisha na ndani anachekeshwa. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma na mwenzangu tuliyetayarisha naye filamu. Hatukusemeshana mpaka tulipofika kituoni.

Usiku ule mwenzangu alishikilia kwamba watazamaji wa kibandani hawajui filamu. Nilipinga wakati ule na napinga leo. Walijua kila kitu walichohitaji kujua kuhusu aina walizozizoea, na walikuwa wepesi wa kugundua ahadi iliyovunjwa. Ambacho hatukuwa tumekihesabu ni namna wanavyoingia. Filamu ya mchanganyiko hutegemea mwanzo kuliko filamu nyingine yoyote, kwa kuwa hapo ndipo mtazamaji hufundishwa jinsi ya kuitazama. Alfred Hitchcock alipotoa Psycho mwaka 1960, filamu inayoanza kama hadithi ya wizi wa fedha na kumuua mhusika wake mkuu kabla hata ya nusu, aliyataka majumba ya sinema yasimruhusu mtu kuingia ikishaanza. Sharti hilo jaribu kumpa mwenye kibanda cha Mbagala. Watu huingia katikati, hutoka kununua maji, hurudi na rafiki. Nyumbani hubadili chaneli. Kwenye simu husogeza mbele kwa kidole. Kwa hiyo alama za aina ya filamu haziwezi kuachwa dakika za mwanzo tu. Tulipokaa kuhariri upya tuliweka kanuni kwamba yeyote atakayeingia wakati wowote ndani ya filamu apate, katika dakika chache zinazofuata, hofu moja na kicheko kimoja, ili asidhani yumo kwenye filamu nyingine.

Kanuni ya pili ilizaliwa na filamu yenyewe. Tulikubaliana kwamba hofu iwe mwenye nyumba, na vichekesho na machozi wawe wapangaji: wapambe vyumba vyao wapendavyo, lakini wasivunje ukuta. Kwa lugha ya kazi, maana yake ni kwamba jini haruhusiwi kuchekesha. Tuliondoa kuchechemea kwake, tukamnyamazisha kabisa, na risiti anayoitoa ikawa tayari ina jina kamili la mpangaji, limeandikwa kwa mkono. Kicheko tulikihamishia kwa binadamu wanaomwogopa. Dalali anaishika ile risiti, mikono inatetemeka, anaigeuza nyuma na mbele, kisha anasema kwa sauti ya unyenyekevu mkubwa: "Lakini mheshimiwa, hii si ya EFD," yaani haikutoka kwenye mashine ya risiti za kodi ya serikali. Tulipoijaribu, watu walicheka kwa nguvu, na jini alipopiga hatua moja mbele walinyamaza wote kwa pamoja. Aina mbili zilikuwa zimekaa ndani ya sekunde zilezile, na nadhani siri yake ni kwamba woga wa dalali ulikuwa wa kweli. Mchekeshaji asiyeogopa jini huliua jini. Mchekeshaji anayeogopa huku akijitahidi kufanya biashara hulikuza.

Kabla ya jina la filamu tuliongeza tukio fupi ambamo dalali anamwonyesha mteja nyumba usiku, umeme umekatika, anaisifia kila kona kwa mwanga wa simu, na mlango wa uani unafunguka wenyewe huku yeye akisema kwamba nyumba ina upepo mzuri. Hapo mtazamaji huchekeshwa na kutishwa kabla hajaketi vizuri. Muziki nao tuliusafisha. Mtunzi wetu alikuwa ameweka kinanda cha utani chini ya matukio ya hofu ili "kusaidia", na msaada huo ndio uliowafanya watu wasijue waelekee wapi. Lile tukio la magoti tulilifupisha sana, tukalipeleka kwenye uso wa mjane, dalali akisikika zaidi kuliko anavyoonekana, kwa sababu uso wake hatungeweza kuushinda. Marekebisho yote yaligharimu kama shilingi milioni 2 na nusu ambazo hazikuwa kwenye bajeti yoyote: mwenye nyumba tulimopigia picha alipandisha bei alipoona tumerudi, na mwigizaji wa mjane alikuwa amekwisha kunyoa nywele, ikabidi tutafute wigi inayofanana na misuko yake ya awali. Wigi hiyo inaonekana vibaya kwenye picha mbili, na hakuna mtazamaji hata mmoja aliyewahi kuitaja.

Kwa anayetaka kufanya majaribio kabla fedha hazijaisha, nashauri mambo machache yaliyotufaa. Alika watu wasiokujua, au angalau majirani wasio na sababu ya kukufurahisha, na usikae nyuma yao. Kaa mbele, kando ya skrini, uwatazame wao badala ya filamu, maana nyuso husema mapema kuliko midomo. Andika mahali wanapocheka, mahali wanapojikunyata, na zaidi ya yote mahali wanapogeukiana. Usiwaulize kama imependeza, kwa sababu mtu mstaarabu hawezi kukujibu vinginevyo. Waulize wangemwita nani aje kuitazama, na wangemwambia nini ili akubali kuja. Mtu anayesema "ningemwita dada yangu, ningemwambia kuna jini anadai kodi" amekupa aina ya filamu, kundi la watazamaji na maneno ya posta kwa pumzi moja. Sisi tuliyachukua maneno hayo karibu kama yalivyo.

Televisheni ilileta mtihani mwingine. Fomu ya kuwasilisha filamu ilikuwa na kisanduku kimoja cha aina, na afisa aliyeipokea, kijana mwenye adabu, aliniuliza: "Mama, nisaidie, hapa niandike nini?" Swali la Kariakoo lilikuwa limenifuata mpaka ofisini. Wakubwa nao hawajalipatia jibu: Get Out ya Jordan Peele, filamu ya mwaka 2017 inayotisha kwa kuueleza ubaguzi wa rangi wa Marekani, iliwekwa katika kundi la vichekesho na filamu za muziki kwenye tuzo za Golden Globe, na Peele mwenyewe akajibu kwa kejeli kwamba filamu yake ni ya matukio halisi. Kisanduku hicho kina matokeo, maana ndicho kinachopanga saa ya kurushwa, na daraja la umri linalotolewa na Bodi ya Filamu nalo huangaliwa. Tuliandika kutisha, kwa sababu ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, na filamu ikapangiwa usiku, saa ambayo kina mama tuliowakusudia kwa ajili ya kisa cha mjane walikuwa wamekwisha kulala au wamechoka.

Iliporudiwa mchana nilikwenda makusudi kuitazama nyumbani kwa shangazi yangu. Alikuwa anachambua mchele, anainua macho mara mojamoja. Jini lilipita mlangoni mara kadhaa bila yeye kuliona, lakini utani wa dalali hakuukosa hata mmoja, na kesi ya urithi aliifuata kwa sikio mpaka akaanza kuwalaani mashemeji kwa majina yao ya kwenye filamu. Kwa shangazi ile ilikuwa filamu ya familia yenye maneno ya kuchekesha, na jini alikuwa mpangaji tu. Sikumsahihisha. Kibandani watu hutazama kwa macho, wamebanana gizani, na hofu huambukizana. Nyumbani mchana watu husikiliza, na aina inayobebwa na maneno ndiyo inayotawala. Tangu hapo ninapoandika tukio la hofu hujiuliza litasikikaje kwa mtu aliyeinamia ungo, na hulipa mlio au sentensi itakayomfanya ainue kichwa.

Kuhusu fedha, malipo ya televisheni na mauzo ya Kariakoo kwa pamoja hayakurudisha gharama zote. Klipu ya risiti ya EFD iliyosambaa kwenye simu ilitangaza jina la filamu kuliko kitu kingine chochote, ila haikulipa. Katika mikataba iliyofuata tumeweka kifungu kinachosema kwamba kava, posta na maelezo ya mauzo havichapishwi kabla hatujavipitisha kwa maandishi. Msambazaji mmoja alikikataa kifungu hicho, tukaachana kwa amani. Anayetutengenezea posta sasa yumo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, anasoma muswada wote kabla ya kuchora, na ndiye tunayemuuliza mapema kuliko msambazaji: ukiambiwa uweke kitu kimoja tu kikubwa mbele, utaweka nini?